Usukani wa kulia, barabara ya kulia: Nani abebe gharama ya usalama?

Nchi tano kati ya nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki huendesha magari upande wa kulia wa barabara. Hata hivyo, katika nyingi ya nchi hizo, gari ambalo mwananchi wa kawaida anamudu kulinunua limetengenezwa kwa ajili ya barabara za kushoto. Mjadala kuhusu magari haya huishia mara nyingi kwenye swali moja: yapigwe marufuku au yaachwe? Uchambuzi huu unaonyesha kwa nini swali hilo halitoshi.

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Kigali kwa barabara hufika Rusumo, mahali ambapo Mto Kagera unaitenganisha Tanzania na Rwanda. Upande wa Tanzania hushika kushoto. Akishavuka daraja hushika kulia. Daraja linalotumika sasa lilijengwa kwa msaada wa Japani, nchi ambayo bandari zake ni chimbuko la magari mengi madogo yanayoonekana katika ukanda huu. Dereva hubadili upande kwa muda mfupi tu. Gari lake hubaki lilivyokuwa, na usukani wake hubaki pale ulipowekwa kiwandani.

Safari ya aina hiyo hufanyika pia katika mpaka wa Kabanga na Kobero kati ya Tanzania na Burundi, katika mpaka wa Mpondwe na Kasindi kati ya Uganda na Kongo, na kule Elegu na Nimule kati ya Uganda na Sudan Kusini. Kwa dereva wa lori anayepita na kurudi, jambo hili ni usumbufu wa siku chache. Kwa mtu aliyenunua gari ili alitumie miaka kumi upande wa pili wa mpaka, ni hali ya kila siku.

Katika mtaa wa Buyenzi jijini Bujumbura, mtaa wa Waswahili unaofahamika pia kwa gereji na maduka ya vipuri, hoja hii haihitaji utangulizi. Mafundi na wenye magari hubishana kama watu wanaojua wanachokisema: injini ipi hainywi mafuta, gia ipi huchoka upesi milimani, gari lipi vipuri vyake havikosekani. Wakifika kwenye usukani hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema kwamba gari ni dereva, na dereva mzuri huzoea usukani wowote. Kundi la pili husema kwamba mazoea hayawezi kumpa mtu macho ya kuona nyuma ya lori.

Makundi yote mawili yana sehemu ya ukweli. Kabla ya kuzipima hoja zao, yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo lugha huyachanganya: upande wa barabara na upande wa usukani. Katika Kifaransa, lugha ambayo sheria nyingi za Burundi na Kongo zimeandikwa, maneno yaleyale yanaweza kumaanisha kuendesha upande wa kulia au kuwa na usukani upande wa kulia, na mfasiri asiye mwangalifu anaweza kuigeuza maana nzima ya kifungu. Katika makala haya, "barabara ya kulia" ni ile ambayo magari hupita upande wake wa kulia, na "usukani wa kulia" ni ule uliowekwa upande wa kulia wa gari. Vitu hivi viwili havikuumbwa viende pamoja. Mwenye barabara ya kulia alikusudiwa usukani wa kushoto, ili dereva akae karibu na katikati ya barabara.

Mipaka ya wakoloni, bandari za majirani

Mgawanyiko wa barabara zetu ni urithi wa ukoloni. Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi utaratibu wa Uingereza wa kushika kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo zilirithi utaratibu wa Ubelgiji wa kushika kulia. Sudan, iliyokuwa ikishika kushoto, ilihamia kulia mwaka 1973, na Sudan Kusini iliuchukua utaratibu huo ilipopata uhuru mwaka 2011. Somalia, mwanachama mpya kuliko wote katika Jumuiya, nayo hushika kulia.

Kwa miongo mingi mgawanyiko huo haukuleta shida kubwa, kwa sababu magari ya nchi zilizotawaliwa na Ubelgiji yalitoka zaidi Ulaya bara, yakiwa na usukani wa kushoto. Hali ilibadilika pale magari yaliyotumika nchini Japani yalipolijaza soko. Japani hushika kushoto. Isitoshe, ina utaratibu mkali wa ukaguzi: gari jipya dogo hukaguliwa baada ya miaka mitatu, na baada ya hapo kila baada ya miaka miwili. Gharama za ukaguzi huo na kodi zinazoambatana nao huwafanya wengi waliuze gari likiwa bado zima. Gari hilo hupakiwa melini, huteremshwa Dar es Salaam au Mombasa, kisha hupanda hadi Gitega, Bukavu au Goma. Lubumbashi nayo hupata ya kwake kupitia Zambia.

Kwa hiyo mnunuzi wa Burundi au wa mashariki mwa Kongo hakuchagua usukani wa kulia kwa kuupenda. Alichagua bei, na bei imefungwa kwenye bandari zilizo karibu naye na kwenye soko kubwa la majirani zake wanaoshika kushoto. Vipuri, mafundi waliozoea aina fulani, na mawakala wanaojua njia za forodha, vyote hufuata mkondo huo. Magari yenye usukani wa kushoto yapo, hasa yale yanayotoka Ulaya na yale ya soko la nchi za Ghuba, lakini kwa mwenye kipato cha kati mara nyingi hayo ni ya kuangalia tu.

Mwaka 2020, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilichapisha ripoti iliyoonyesha kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje na Umoja wa Ulaya, Japani na Marekani, na kwamba Afrika ilikuwa mpokeaji mkubwa kuliko wote. Kati ya nchi 146 zilizochunguzwa, takriban theluthi mbili zilikuwa na sera dhaifu au dhaifu sana za kusimamia uingizaji wa magari hayo. Ripoti hiyo ilizungumzia zaidi moshi na ubovu. Nchi za barabara ya kulia zina suala la ziada: hata gari zima, safi na lenye injini njema linaweza kuwa halifai kwa barabara linayoendeshwa.

Kinachotokea mbele ya macho ya dereva

Hoja ya kwanza ya kiufundi ni ya upeo wa macho. Chukulia gari dogo linalopanda kutoka Bujumbura kwenda Bugarama kwa barabara kuu nambari moja. Barabara hiyo huanzia karibu na Ziwa Tanganyika na kupanda hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kona juu ya kona. Mbele kuna lori zito, na nyuma ya lori huenda wakawamo waendesha baiskeli walioshika bodi ili wavutwe mlimani. Mwenye gari dogo anataka kupita.

Akiwa na usukani wa kushoto, dereva huchungulia kwa kulisogeza gari kidogo tu kuelekea katikati. Akiwa na usukani wa kulia, ameketi upande wa mtaro. Umbali kati ya kiti cha kulia na cha kushoto katika gari dogo ni kama sentimita 70. Maana yake ni kwamba ili aone kile ambacho mwenzake angekiona, lazima alitoe gari nje zaidi kwa kiasi hicho, na sehemu hiyo ya gari hutangulia kuingia katika njia ya anayekuja kabla macho ya dereva hayajafika. Magari mawili yanayokutana, kila moja likienda kilomita 80 kwa saa, hukaribiana kwa takriban mita 44 kila sekunde. Sekunde mbili za kuchungulia na kusita humeza karibu mita 90.

Ndiyo maana katika magari mengi ya namna hii abiria wa mbele hugeuka kuwa macho ya dereva. Huambiwa: "Niangalizie." Naye hujibu: "Njoo, pako wazi," au "Subiri." Uhai wa watu wote waliomo hutegemea makadirio ya mtu ambaye huenda hajawahi kushika usukani, na ambaye hajui gari hilo huchukua muda gani kushika kasi.

Hoja ya pili ni ya taa, nayo hutajwa mara chache. Taa za mbele zinapowashwa hafifu hazimuliki sawasawa pande zote. Hutengenezwa ili mwanga upande juu kidogo upande wa ukingo wa barabara, kuwaonyesha watembea kwa miguu na alama, na ubaki chini upande wa wanaokuja. Taa za gari la soko la Japani huinua mwanga upande wa kushoto. Katika barabara ya kulia, kushoto ndiko wanakotokea wanaokuja. Dereva amewasha taa hafifu kama sheria inavyotaka, lakini mwanga wake unawapiga wenzake machoni, huku ukingo wenye waendesha baiskeli na watembea kwa miguu ukibaki gizani. Hasira za usiku barabarani, za kumulikiana kwa kulipizana, mara nyingine hazina mkosaji. Taa zimefanya kazi yake kama zilivyoundwa, ila mahali pasipo pake.

Hoja ya tatu ni ya milango, na hii huwahusu zaidi wasio na magari. Basi dogo la soko la Japani kwa kawaida lina mlango wa abiria upande wa kushoto, ili washukie kwenye ukingo wa barabara ya kushoto. Likiletwa kwenye barabara ya kulia, mlango huohuo hufunguka katikati ya barabara. Mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo mkononi hushuka akiwa ameipa mgongo pikipiki inayokuja. Abiria huyo hakushiriki katika uamuzi wa kununua gari hilo, wala hakupunguziwa nauli kwa hatari aliyobebeshwa.

Utetezi wenye uzito

Haitakuwa haki kuwaona wanaoutetea usukani wa kulia kama watu wasiojali. Baadhi ya hoja zao zina mantiki ya kihandisi. Katika barabara za milimani, dereva aliyeketi upande wa mtaro huona vizuri zaidi ukingo, korongo na mtu anayetembea pembeni. Hoja hii si ya Burundi peke yake. Kampuni ya Lancia ya Italia, nchi inayoshika kulia, iliendelea kuunda magari ya usukani wa kulia hadi miaka ya 1950, na sababu inayotajwa na wapenzi wa magari ya kale ni hiyohiyo: kuuona ukingo wa barabara za milima ya Alpi. Ndani ya mji, ambako mwendo ni mdogo na kupitana ni nadra, tofauti ya usukani hupungua sana. Dereva wa teksi anayefanya kazi mjini tu hana hatari sawa na ya mwenye gari anayepanda mlima usiku.

Hoja yao nzito zaidi ni ya kipato. Gari katika miji yetu ni duka, ni karo ya watoto, ni ambulansi ya mtaa pale mgonjwa anapozidiwa usiku. Anayelipiga marufuku kwa tangazo la siku moja humnyang'anya mtu mtaji. Serikali ya Urusi ilijifunza jambo hilo mwishoni mwa mwaka 2008 ilipopandisha ushuru wa magari yaliyotumika kutoka nje. Vladivostok, mji wa mashariki ya mbali ya nchi hiyo, unashika kulia lakini umejaa magari ya Japani yenye usukani wa kulia, na maelfu ya watu wake huishi kwa biashara hiyo. Wananchi waliingia barabarani, na polisi wa kutuliza ghasia walisafirishwa kutoka Moscow kuja kuwatawanya.

Njia tatu zilizowahi kujaribiwa

Njia ya kwanza ni marufuku. Tangu mwaka 2005 Rwanda imeyazuia magari madogo yenye usukani wa kulia kuingizwa nchini kwa ajili ya kusajiliwa. Faida yake inaonekana: magari ya Kigali yanalingana na barabara zake. Gharama yake nayo inajulikana kwa kila Mnyarwanda aliyewahi kulinganisha bei na ndugu yake wa Kampala. Soko la usukani wa kushoto ni dogo katika ukanda huu, na mnunuzi hulazimika kutazama Ulaya au Ghuba. Rwanda iliweza kuihimili hatua hiyo pia kwa sababu ilijenga vituo vya ukaguzi vyenye mitambo, chini ya polisi, na kuwekeza katika usafiri wa umma wa mjini. Marufuku pasipo mambo hayo mawili ingewaacha wengi kwa miguu.

Njia ya pili ni kuihamisha barabara yenyewe. Rwanda na Burundi zote mbili zimewahi kulitafakari wazo la kuhamia kushoto ili zilingane na majirani wa bandarini. Dunia ina mifano. Uswidi ilihama kutoka kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba 1967, ingawa katika kura ya maoni ya mwaka 1955 zaidi ya asilimia 80 ya wapiga kura walikuwa wamekataa. Hoja mojawapo ya wahamaji ilikuwa kwamba Waswidi wengi tayari waliendesha magari ya usukani wa kushoto katika barabara ya kushoto, yaani hali kama yetu ikiwa imegeuzwa. Mabasi ndiyo yaliyoigharimu nchi hiyo zaidi: maelfu yalilazimika kutobolewa milango upande wa pili, na baadhi ya yale yaliyoshindikana yaliuzwa Pakistan na Kenya, nchi zinazoshika kushoto.

Samoa, nchi ya visiwa vya Pasifiki, ilihama kutoka kulia kwenda kushoto tarehe 7 Septemba 2009, kwa lengo lililotamkwa wazi: raia wake wapate magari ya bei nafuu kutoka Australia na New Zealand. Serikali ilitangaza mapumziko ya siku mbili, ikapunguza mwendo unaoruhusiwa na kusitisha uuzaji wa pombe kwa siku tatu. Hata huko wenye mabasi walilalamika, kwa kuwa milango ya mabasi yao ilijikuta katikati ya barabara. Lakini Samoa ni nchi ya visiwa. Burundi ikihamia kushoto italingana na Tanzania na kutofautiana na Rwanda na Kongo, na mkanganyiko wa Kobero utahamia kwenye mipaka mingine.

Njia ya tatu ni kuuhamisha usukani. Katika maeneo huru ya biashara ya Falme za Kiarabu zipo karakana zinazoifanya kazi hiyo kwa wingi, na wapo mafundi wa huku wanaoijaribu. Wapenzi wa magari huizungumzia kama kazi ya siku chache, lakini orodha ya vinavyohamishwa inatisha: nguzo ya usukani na mtambo unaogeuza magurudumu, pedali zote, silinda kuu ya breki na kisaidizi chake, dashibodi, nyaya, na mifuko ya hewa inayomkinga dereva wakati wa ajali. Ukuta wa chuma unaoitenga injini na abiria hukatwa na kuchomelewa upya. Kwa modeli zilizouzwa pia katika nchi za barabara ya kulia, vipuri halisi vya usukani wa kushoto hupatikana na fundi hodari anaweza kuifanya kazi hiyo ikasimama. Kwa modeli zilizobuniwa kwa ajili ya Japani peke yake, fundi huunganisha vipande vya magari tofauti. Mwenye gari hupata usukani upande unaofaa, huku breki na usukani wenyewe, vitu viwili ambavyo havipaswi kubahatishwa, vikiwa vimepitia mikononi mwa asiyekaguliwa na yeyote.

Fundisho kutoka mahakama ya Ulaya

Katika Umoja wa Ulaya, suala hili limewahi kufika mbele ya majaji. Poland na Lithuania, zinazoshika kulia, zilitaka magari ya abiria yanayotoka nchi kama Uingereza yahamishiwe usukani upande wa kushoto kabla ya kusajiliwa. Mnamo Machi 2014, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba sharti hilo linakiuka uhuru wa bidhaa kuvuka mipaka ndani ya Umoja.

Majaji hawakusema kwamba hatari haipo. Walikubali kwamba usukani wa kulia katika barabara ya kulia unaweza kuupunguza upeo wa macho wa dereva, hasa anapolipita gari lingine. Walichosema ni kwamba takwimu zilizoletwa hazikuthibitisha vya kutosha uhusiano kati ya ajali na magari hayo, na kwamba zipo hatua nyepesi zaidi za kuilinda barabara, zikiwemo vioo vya ziada na marekebisho ya taa. Walizingatia pia kwamba nchi hizo zilikuwa zikiwaruhusu wageni wa muda kuendesha magari ya aina hiyohiyo.

Hukumu hiyo haiwezi kunakiliwa hapa kama ilivyo. Gari la Uingereza lililoingia Lithuania lilikuwa limekwisha kukaguliwa lilikotoka, na lingekaguliwa tena mara kwa mara huko lilikohamia. Hatua nyepesi zinafaa pale tu penye mtu wa kuzisimamia. Hata hivyo, mantiki yake inazihusu moja kwa moja nchi za Jumuiya yetu, ambayo tangu tarehe 1 Julai 2010 ina Itifaki ya Soko la Pamoja inayotaka bidhaa zivuke mipaka kwa uhuru. Kwa sasa gari halina uhuru huo. Mnyarwanda mwenye gari la usukani wa kushoto akihamia Nairobi, Kenya hailisajili gari lake la kawaida. Na Mkenya akihamia Kigali hukutana na ukuta kama huo. Volkswagen ilianza kuunganisha magari Thika mwishoni mwa 2016 na Kigali mwaka 2018. Ni kampuni moja katika Jumuiya moja, lakini gari la kiwanda kimoja halifai kwa barabara ya mwenzake.

Kinachowezekana sasa

Ikiwa marufuku ya ghafla itawaumiza wanyonge, na kuihamisha barabara ni gharama isiyobebeka kwa sasa, haifuati kwamba tukae kimya. Gari la usukani wa kulia linaloingia Burundi au Kongo hulipiwa ushuru mpakani. Serikali huipokea fedha hiyo kwa sababu ya gari lilivyo, kisha humwachia mwenye gari, abiria na mtembea kwa miguu wajitafutie namna ya kuishi nalo. Hapo ndipo penye kasoro ya sera: mapato ni ya hazina, hatari ni ya barabarani.

Marekebisho ya msingi hayahitaji teknolojia ngeni. Taa zinaweza kubadilishwa kwa zile za soko la usukani wa kushoto pale modeli inapokuwa nazo, au kurekebishwa kwa vibandiko vinavyoukata mwanga unaopanda, kama wafanyavyo madereva wa Uingereza wanaovuka kwenda Ufaransa. Vioo vya ziada, au kamera ndogo inayotazama mbele kutoka upande wa kushoto, vinaweza kumwongezea dereva sehemu ya upeo alioupoteza. Vitu hivi vikiwa sharti la usajili, na vikipewa nafuu ya ushuru, gharama yake itakuwa sehemu ndogo ya bei ya gari.

Kwa magari ya abiria kipimo lazima kiwe kikali zaidi. Mwenye gari binafsi amechagua hatari yake na anaweza kupunguza mwendo. Abiria wa basi hakuchagua. Hakuna marekebisho ya kioo wala taa yatakayomlinda anayeshukia katikati ya barabara, na kwa hiyo mlango unaofunguka upande wa ukingo unapaswa kuwa sharti lisilo na mjadala kwa kila gari jipya linaloombewa leseni ya kubeba watu. Yaliyokwisha kuwamo barabarani yapewe muda unaojulikana, na wamiliki wake wapewe mkopo au msamaha wa ushuru wa kuyabadilisha, ili sheria isigeuke kuwa kisingizio cha kuwakamua kwenye vizuizi vya barabarani. Kila dereva anajua kwamba sharti lisilopimika huishia kuwa bei ya kupita.

Ndiyo maana ukaguzi hauna budi kutangulia. Kenya huangalia umri, ikitaka gari linaloingia lisizidi miaka minane. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Umri ni rahisi kuusoma kwenye karatasi, lakini hausemi lolote juu ya mwanga unaowapofusha wengine. Nchi tano za barabara ya kulia zina sababu ya kukaa pamoja ndani ya Jumuiya na kukubaliana juu ya orodha moja ya marekebisho, inayopimwa kwa namna moja Gitega, Goma, Juba na Mogadishu, na kutambuliwa kila mpaka. Zikifanya hivyo, hata muuzaji wa Japani na wakala wa Dar es Salaam watajua gari linalokwenda Bujumbura linapaswa kufikaje.

Mabishano ya Buyenzi hayatakoma, wala hayana haja ya kukoma. Wapenzi wa magari wataendelea kupimana kwa injini na gia, na wengine wataapa kwamba usukani ni mazoea tu. Lakini yule anayeshuka kwenye basi jioni, akitazama nyuma kama kuna pikipiki kabla hajaweka mguu chini, hana mazoea yatakayomsaidia. Sera yoyote ya usukani itakayotungwa inafaa ipimwe kwanza kwa usalama wake yeye, kisha kwa bei ya gari.